Kazi ya Kuonyesha Watu Ndege

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, najua kuogelea. Nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikimeza maji ya chumvi huku watoto wa huko Pwani wakinicheka kando, na hata leo mkinitupa kwa bwawa lolote nitatoka. Hilo ndilo swali la kwanza kila mtu wa hapa Kimulot huniuliza. La pili ni kama niliona papa. Sikuona. Sasa tuongee kuhusu kazi.

Nyinyi vijana wa kanisa mmenisumbua tangu nirudi nyumbani. "Kogo Chebet, tuambie vile ulikuwa huko kwa bahari." Mnaniita kogo, nyanya, na mimi bado nakunja mgongo nikachuma chai kuwashinda. Haya basi. Nasikia wawili wenu wanataka kusomea kuongoza watalii, kwa hivyo nitawaambia, na nitajisifu. Asiyependa kusikia mtu akijisifu, aende akakate majani ya nepia ng'ombe wale.

Nilifanya kazi miaka mingi ndani ya hifadhi ya mikoko. Mikoko ni miti inayomea kwenye matope ya chumvi, mizizi ikiwa nje, imepanda juu kama vidole vya mtu anayeogopa kukanyaga tope. Bahari inaingia katikati ya miti hiyo kwa vijito, inajaa, halafu inatoka yote na kuacha matope matupu, kisha inarudi tena. Huko ndani hakuna kukata mti, hakuna kuwinda, hakuna boti ya injini. Wageni wanakuja kuingizwa kwa mitumbwi polepole, waone ndege, waone kaa, wasikie kimya. Mwenye kuwaingiza na kuwatoa salama nilikuwa mimi.

Lakini sikwenda huko kuongoza mtu. Nilienda kupika chai! Shangazi yangu alikuwa ameolewa huko chini, akasikia kambi ya waongozaji inatafuta mpishi. Mwenye kambi aliposikia natoka upande wa Kericho akasema, "Basi huyo chai anaijua." Kweli niliijua, lakini niliijua ikiwa bado shambani, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni na baridi ya Mau ikiniuma vidole. Wenyewe walikuwa wanakunywa chai ya rangi na tangawizi. Mimi nikatia maziwa, nikachemsha vizuri, na kufikia wiki ya pili wanaume wazima walikuwa wanabisha mlango wa jikoni na vikombe mkononi.

Aliyenitoa jikoni ni Bi Mishi. Huyo alikuwa mwanamke wa pale pale, mfupi, mdomo mkali, na ndiye alikuwa mkubwa wa waongozaji wote, wanaume kwa wanawake. Siku moja mwongozaji alishikwa na homa na wageni wameshavaa wako tayari. Bi Mishi akaja mlangoni kwangu.

"We Kericho. Weka mwiko chini, njoo ushike kafi."

Kafi ni kasia fupi la mkono. Nikamwuliza, "Mimi?"

"Kwani nasema na sufuria?"

Nikaingia mtumbwini. Nilipiga yale maji vile tunavyopalilia mahindi hapa: juu, chini, juu, chini, nguvu zote. Wageni walilowa mpaka nywele. Bi Mishi alivumilia kidogo, halafu akaniinamia sikioni akasema, "Mwanangu, humo hamna magugu."

Basi la kwanza mlishike, nyinyi wawili. Kafi linaingia majini kimya, karibu na ubavu wa mtumbwi, na nguvu inatoka kiunoni na mgongoni. Ukitegemea mkono peke yake utachoka kabla ya kona ya kwanza, na kule ndani hakuna mahali pa kushuka upumzike. Mkiona mwongozaji anarusha maji, jueni bado anapalilia.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilihusu kamba. Sisi hapa tunajua ng'ombe. Ukimfunga kwa kamba ndefu anaingia shamba la jirani, anakanyaga majani chai, na kesi inafika kwa chifu. Kwa hivyo mtu mwenye akili anafunga kamba fupi. Siku hiyo maji yalikuwa yamejaa kabisa. Nikafunga mtumbwi kwenye mzizi wa mkoko, fupi, fundo safi, kama vile marehemu mama alinifundisha kumfunga ndama msumbufu, nikaenda na wageni kwa miguu kuangalia viota. Tuliporudi maji yalikuwa yameenda zake. Mtumbwi ulikuwa unaning'inia kwa pua, mkia ndani ya matope, na kila kitu tulichoacha ndani kimemwagika. Wageni walifurahi sana, wakapiga picha. Bi Mishi akaja, akauzunguka ule mtumbwi.

"Kericho," akasema, "ng'ombe wako kajinyonga."

Kambi nzima ilinisalimia kwa maneno hayo mpaka mvua ikaja ikaisha. Wacha wacheke. Mimi nilikuwa nimekulia karibu na mito inayoteremka tu, Itare na ndugu zake, mito ambayo maji yakipita yamepita. Nani angeniambia kuna maji yanayoondoka halafu yanarudi? Tangu siku hiyo sikufunga mtumbwi bila kwanza kuangalia mstari wa tope kwenye mizizi, ule unaoonyesha maji yalifika wapi na yatashuka mpaka wapi. Ukijua kuusoma mstari huo, umejua nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni macho, na hapo ndipo watu wa Pwani walinyamaza. Mchumaji mzuri wa chai haangalii kichaka chote. Anapitisha macho juu ya majani yaliyosawazishwa kama meza na mkono unaenda wenyewe kwa kile kilichochipuka jana. Ndege wanaonekana hivyo hivyo. Usitafute ndege, tafuta kile kimebadilika. Yangeyange ni mweupe, hata mlevi atamwona. Lakini mdiria anakaa kwenye tawi kama amepigiliwa msumari, na vitwitwi wanakimbia kwenye matope wakiwa na rangi ya matope. Mimi nilikuwa nawaona kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nasema, "Tawi la tatu, kushoto, chini ya jani lililokauka," na wageni wanashtuka, na Bi Mishi anajifanya hajasikia.

Na kaa, jamani, msidharau kaa. Wakianza kupanda mizizi kwa haraka, maji yanakuja. Mgeni anayeongea sana usimkaripie, mpe kazi. Mweke mbele, mwambie, "Wewe ndiye macho yetu." Hutasikia sauti yake tena mpaka mrudi.

Siku hizi nasikia mambo yamekuwa rahisi. Waongozaji vijana wana simu inayowaambia maji yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Vizuri, hata mimi niliitumia miaka ya mwisho, sikuwa mjinga. Lakini wengine wanacheza sauti ya ndege kwa simu ili ndege wa kweli aje. Hiyo sikubali. Ndege anaacha kiota chake kuja kupigana na simu ya mtu, eti mgeni apate picha! Nilimkuta kijana mmoja akifanya hivyo nikamwambia simu yake nitaitupa kwa kaa. Alijua ningeitupa. Halafu simu itakuambia habari za maji, haitakuambia mzee aliyeketi mbele yako anafikiria nini. Hapo nitawaambia kuhusu baba yangu, maana ndiyo sababu nimekubali kuongea.

Baba alikuwa mzee wa kanisa hapa hapa. Wenye umri mnamkumbuka, mrefu, koti hata jua likiwaka. Nilipokuwa napika alikuwa sawa, maana kupika ni kazi, inaelezeka. Niliposhika kafi ndipo shida ilianza. Watu walikuwa wanamwuliza kwenye kituo cha kupimia majani chai, "Mzee, Chebet anafanya kazi gani huko Pwani?" Naye anajibu, "Anaonyesha watu ndege." Watu wanaangua kicheko. "Ndege? Kwani hapa tumekosa ndege?" Mwingine anaangalia juu anasema, "Huyo hapo, nimemwona, nilipeni!" Kila wiki, majani yakingoja lori, wanamchokoza hivyo. Baba alikuwa mtu wa heshima, na hakuwa na jibu.

Alinipigia kwa simu ya mwenye duka. "Rudi nyumbani. Hiyo si kazi." Nikamwambia, "Baba, ni kazi." Akakata. Siwezi kuwaficha, iliniuma sana. Nilikuwa nimeachwa na mume, nalea watoto peke yangu, na hiyo kazi ndiyo kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokifanya vizuri kuliko watu walio kando yangu. Nilitaka mtu mmoja tu ajue, na mtu huyo alikuwa yeye.

Haukupita muda akatokea kambini mwenyewe. Gambuti miguuni, koti, kofia, na kimfuko kidogo. Hakuwa amepita Nairobi maishani mwake. Nikampa chai, akanywa, akasema, "Nimekuja kukuchukua. Tutaondoka kesho asubuhi."

Kwetu baba akishasema hivyo, unafunga mizigo. Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla hatujaenda, aingie mtumbwini alasiri hiyo, aone. Akakiweka kikombe chini. Mwishowe akasema, "Nitaangalia."

Tulikuwa na walimu wachache kutoka Nakuru waliokuwa likizo. Baba akafika ufukweni na gambuti zake. Sasa, gambuti zikijaa maji zinakuvuta chini kama mawe, kila mwongozaji anajua, lakini mimi ningemwambiaje baba yangu avue viatu mbele ya watu? Nikamwangalia Bi Mishi. Bi Mishi akaenda akasema, "Baba Chebet, vua hivyo." Akavua papo hapo. Kwa mwanamke mgeni aliweza. Kwangu isingewezekana, na nataka mwelewe jambo hilo vizuri kwa sababu vijana wa siku hizi mnaongea na wazazi kama mnaongea na kondakta. Enzi zetu baba haambiwi keti. Analetewa kiti.

Tukaingia. Maji yalikuwa yamejaa, tulivu, miti imefunga juu. Nikawaonyesha mdiria, nikawaonyesha kaa wa gando moja kubwa, walimu wakafurahi. Baba alikaa katikati, jaketi la kuelea juu ya koti, mikono magotini. Nilikuwa nyuma na kafi langu, nikiangalia mgongo wake tu. Mgongo haukuniambia kitu.

Maji yakageuka, yakaanza kutoka, nasi tukatoka nayo. Kuna mahali panaitwa mlangoni, pale kijito kinapobanwa na miti miwili mikubwa kabla ya kufunguka kwenye ghuba. Maji ya kutoka yanapita hapo yote kwa pamoja, kwa nguvu, na yanakusukuma kwenye mizizi. Mkipinduka hapo mnapelekwa nje kabisa. Nilikuwa nimewaambia mapema: tukifika mlangoni kila mtu chini, kila mtu kafi, hakuna kuongea.

Mwalimu mmoja, mtu mzuri tu mwenye heshima zake, akasahau. Tukiwa tumeshaingia kwenye msukumo, akageuka akamwuliza, "Na wewe mzee, unaonaje kazi ya binti yako?"

Na nyinyi mnajua wazee wetu. Mzee wa kanisa ameulizwa swali mbele ya watu. Atajibu akiwa ameketi? Haiwezekani! Baba akavua kofia, akashika ubavu wa mtumbwi, akasimama wima.

"Kwanza," akasema, "nawasalimu katika jina la Bwana."

"Amina!" wakajibu walimu wote, kwa mazoea.

Mtumbwi ukalala ubavu. Maji yakaingia kwa upande wa kulia, mwalimu mmoja wa kike akapiga mayowe, na pua yetu ikaanza kuelekea mizizi. Hapo ndipo nilipaza sauti. Nilisema kwa Kikipsigis, na sikusema vile binti anavyosema na baba yake. Nilisema vile mtu anavyomwambia mtoto anayekaribia moto.

"Keti chini! Keti sasa hivi!"

Aligeuka akaniangalia. Yale macho sitayasahau. Halafu akaketi. Hakutafuta hata ubao wa kukalia, alishuka moja kwa moja sakafuni ndani ya maji, na suruali yake ya kanisani. Kofia ikaenda na maji. Mimi sikuwa na nafasi ya kuona haya, nikaendelea: "Wote kulia! Vuta! Vuta! Baba, shika hilo kopo, utoe maji!" Akashika kopo. Nilimwona akichota na kumwaga, akichota na kumwaga, kichwa kimeinama, mpaka mizizi ikapita kando yetu karibu ya kugusa na ghuba ikafunguka mbele.

Walimu walipiga makofi tulipofika. Kamba nilifunga mara tatu, na kila mara fundo lilifunguka. Baba alivaa gambuti zake, akaenda zake kwenye kibanda alichopewa alale, bila kuniangalia.

"Umefanya sawa," Bi Mishi akaniambia, baada ya kusikia yote kutoka kwa walimu.

"Bi Mishi, wewe huwajui wazee wa kwetu."

"Wazee wote nawajua. Wanazama sawasawa."

Sikucheka. Nililia, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu na nikamwaibisha kwa pumzi moja, mbele ya walimu, na yeye alikuwa amekuja kuona kama binti yake ana kazi ya heshima. Nilifunga nguo zangu kwenye begi. Niliona yameisha.

Asubuhi nilimpelekea chai, begi nikaliweka mlangoni. Akaliangalia.

"Hiyo ni ya nini?"

"Si ulisema unanichukua?"

Akapuliza kikombe chake, akanywa polepole. "Leo kuna wageni?"

"Wako. Wameshafika."

"Sasa nikikuchukua, hao nani atawatoa huko ndani?"

Akaniambia nirudishe begi ndani na nimtafutie kofia, maana hawezi kushuka Kericho kichwa wazi. Bi Mishi ndiye alimpa, ya mumewe, nyekundu, haikumkaa vizuri hata kidogo. Nikamsindikiza mpaka stendi. Hakuniambia pongezi na hakuniambia pole, alinishika mkono tu, akaushika kwa muda, akapanda.

Nilidhani hilo ndilo jibu langu lote, na lilinitosha. Lakini nilipokuja likizo jirani yetu alinisimulia yaliyotokea baadaye. Lori lilikuwa limechelewa, watu wamekaa kwenye magunia yao ya majani, na mmoja akaanza kama kawaida: "Mzee, yule wako wa ndege amekataa kurudi? Na hiyo nayo tuite kazi?"

Baba akasimama. Watu walijua amekasirika.

"Chebet aliniambia niketi," akasema, "mimi, mbele ya watu. Na nikaketi. Sasa mniulize tena kama ni kazi."